Sindano, Kidole na Shashi: Pesa ya Mgonjwa wa Figo Iende Wapi?

Mgonjwa anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki, kama ilivyo katika vituo vyetu vingi, hukaa kwenye kiti cha mashine mara 104 kwa mwaka. Kwa anayechomwa mkononi, kila kikao kinahitaji sindano mbili: moja ya kutoa damu kwenda kwenye mashine, nyingine ya kuirudisha mwilini. Hayo ni matundu 208 kwenye mkono mmoja katika mwaka mmoja. Anayekwenda mara tatu kwa wiki hufikisha 312.

Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya hospitali wa NHIF mwezi Oktoba 2024, imepanga malipo ya shilingi 10,650 kwa kikao, kutoka 9,500 za awali. Vikao 104 kwa bei hiyo ni shilingi 1,107,600 kwa mwaka. Hizo ni fedha za mashine, dawa na wahudumu. Pembeni yake yamebaki maamuzi mengi madogo ambayo mgonjwa na jamaa zake huyafanya wenyewe, mara nyingi kwa pesa zao: anunue plasta za kugandisha damu au la, atafute krimu ya ganzi au avumilie, asisitize kuchomwa mahali papya au akubali palepale palipozoeleka, aharakishe upasuaji wa fistula au aendelee na mpira wa shingoni.

Nauweka wazi msimamo wangu mapema. Katika hesabu hii yote, kitu cha thamani kuliko vyote ni mshipa, kwa sababu hauuzwi dukani. Kinachoulinda kilipiwe. Kinachomwahisha tu mgonjwa kutoka kitini kinaweza kusubiri.

Mlango wa damu: katheta, grafti au fistula

Katheta ni mpira unaopitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, au wa paja wakati wa dharura. Ubora wake ni kwamba hutumika siku hiyohiyo, na hauhitaji mtu kuchomwa mkono. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki huanza nao, kwa kuwa hufika hospitalini figo zikiwa zimeshachoka kabisa. Upo mpira wa muda mfupi, na upo ule unaopitishwa chini ya ngozi ya kifua ambao unaweza kukaa kwa miezi.

Tatizo la katheta ni kwamba gharama yake haionekani siku ya kwanza. Ni njia iliyo wazi kutoka nje ya mwili hadi karibu na moyo, na maambukizi ya damu hupitia hapo kwa urahisi kuliko kwenye fistula. Homa moja yenye kutetemeka baada ya kuunganishwa mashine inaweza kuishia kwenye kulazwa, dawa za vijiuasumu za wiki kadhaa na katheta mpya. Ikikaa muda mrefu huweza pia kuubana mshipa mkubwa wa kifuani, na hapo hata fistula itakayotengenezwa baadaye upande huo hupata shida. Kuoga nako kunakuwa kwa tahadhari, maana bandeji hairuhusiwi kulowa.

Fistula ni kuunganisha ateri na vena za mgonjwa mwenyewe, kwa kawaida kwenye kifundo cha mkono au kwenye kiwiko. Madaktari wa New York, wakiwemo Brescia na Cimino, waliitangaza njia hii mwaka 1966. Miaka sita kabla yake, Belding Scribner wa Seattle alikuwa amefungua ukurasa wa kusafisha damu mara kwa mara kwa mipira iliyoachwa nje ya ngozi. Damu ya ateri huingia kwa nguvu kwenye vena, vena hutanuka na kuta zake hunenepa, hadi iweze kuhimili sindano nene. Kukomaa huchukua wiki 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi, na si chache zinazoshindwa kukomaa au zinazohitaji kurekebishwa. Lakini ikikomaa, ndiyo yenye maambukizi machache zaidi na inaweza kutumika kwa miaka mingi.

Grafti ni kipande cha mrija wa plastiki laini kinachounganisha ateri na vena chini ya ngozi. Huwafaa wenye vena ndogo au zilizoharibika. Nyingi huweza kuchomwa baada ya wiki mbili hadi nne, mapema kuliko fistula. Kwa upande mwingine, mrija wenyewe ni wa kununua, huziba kwa mgando mara nyingi zaidi, na hupata maambukizi zaidi kuliko fistula ingawa si kama katheta.

Ukilinganisha bili ya siku moja, katheta inashinda. Ukilinganisha bili ya miaka mitatu, kwa mgonjwa mwenye mishipa mizuri, fistula ndiyo nafuu. Tena mwenye gharama nafuu kuliko wote ni yule aliyeambiwa mapema kuwa figo zinaelekea kushindwa, akapasuliwa miezi kabla ya kuhitaji mashine, asilipie katheta hata mara moja. Mpango wa serikali ya Kenya wa mwaka 2015 ulifikisha mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti, lakini wapasuaji wa mishipa wamebaki wachache na wengi wako katika miji mikubwa. Kwa familia iliyo mbali, nauli na malazi ya safari hiyo yahesabiwe kama sehemu ya matibabu, na yaanze kuwekwa kando mara daktari anapotaja neno fistula.

Kuna jambo lisilogharimu chochote hapa. Mkono usiotumika kuandikia uachwe mapema: usitolewe damu, usiwekwe dripu, usipimwe presha. Mgonjwa wa kisukari au wa presha ambaye figo zake zimeanza kudhoofu aseme hivyo kila anapofika maabara, atoe ule mkono mwingine, na ikiwezekana achomwe mgongo wa kiganja.

Unene wa sindano

Sindano za fistula hupimwa kwa namba, na namba inapopungua unene huongezeka. Namba 17 ndiyo nyembamba, kisha 16, 15, na 14 ambayo ni nene kuliko zote. Katika kampuni nyingi, mabawa ya namba 17 huwa ya rangi ya machungwa, ya 16 kijani, ya 15 njano. Mgonjwa anaweza kujua amechomwa ipi kwa kutazama tu.

Fistula changa huanza na namba 17, na damu hupitishwa polepole, chini ya mililita 300 kwa dakika. Mshipa ukizoea hupandishwa hadi 16, kisha 15 ikiwa daktari anataka kasi ya mililita 350 na kuendelea. Sindano nyembamba huacha tundu dogo na damu hukatika upesi, ila ikilazimishwa kasi kubwa, usafishaji hupungua na chembe za damu huumia. Sindano nene husafisha vizuri, ila kwenye mshipa ambao haujakomaa huleta uvimbe na michubuko. Bei kati ya namba na namba haina tofauti ya kumsumbua mtu. Hapa swali la kumwuliza nesi ni moja: namba hii inalingana na kasi niliyoandikiwa na umri wa fistula yangu?

Zipo pia kanyula za plastiki ambazo sindano ya chuma hutolewa baada ya kuingia na kubaki mrija laini. Zimezoeleka Japani na Australia. Zinafaa fistula changa na mgonjwa asiyeweza kutuliza mkono, lakini ni ghali kuliko za chuma na zinahitaji nesi aliyefundishwa kuzitumia. Kwa fistula iliyokomaa na mgonjwa mtulivu, sindano ya kawaida inatosha.

Mahali pa kuchoma

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na haionekani kwenye risiti yoyote. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni ya ngazi. Kila kikao sindano husogea kidogo kando ya mshipa, juu kisha juu zaidi, na ikifika mwisho hurudi mwanzo. Mshipa wote hutumika, kila tundu hupata siku za kupona, na ukuta hubaki imara. Mwongozo wa Marekani wa tiba ya figo wa mwaka 2019, uitwao KDOQI, umeipa njia hii kipaumbele.

Ya pili ni ya eneo moja. Nesi huchoma palepale penye mshipa mnene, penye ngozi iliyozoea, pasipouma sana. Inawapendeza wote wawili siku hiyo. Baada ya miezi, ukuta wa mshipa hapo hulegea na kuvimba kama kinundu, ngozi juu yake hukonda na kung'aa, na mshipa hubana kabla au baada ya uvimbe. Gharama yake huja baadaye: upasuaji wa kukarabati, au kutokwa damu nyingi ngozi inapopasuka. Njia hii ikataliwe hata kama nesi ana haraka na mgonjwa ameizoea.

Ya tatu ni ya tundu la kudumu, iliyoanza Poland miaka ya 1970 kwa daktari Zbylut Twardowski. Sindano huingia tundu lilelile, kwa pembe ileile na kina kilekile, hadi njia iote ngozi ndani yake kama tundu la hereni. Baada ya hapo hutumiwa sindano butu zisizokata. Uvimbe hupungua, na inawasaidia wenye kipande kifupi cha mshipa. Lakini inadai mengi: mchomaji mmoja kwa vikao kadhaa vya mwanzo hadi njia ijijenge, kuondoa kigaga kwa usafi kila mara, na uangalizi mkali, kwa sababu bakteria hujificha kwenye kigaga hicho na kuingia kwenye damu. Kwa ajili ya hatari hiyo, mwongozo uleule wa 2019 unataka itumike kwa sababu maalumu tu. Kwenye grafti haifai kabisa. Katika kituo ambacho wauguzi hubadilishana zamu na sindano butu huagizwa kwa kubahatisha, usiichague.

Njia ya ngazi haina bei. Inahitaji kumbukumbu. Chora mkono wako kwenye daftari, weka alama na tarehe ya kila tundu, mwonyeshe nesi kabla hajafungua sindano. Ncha za sindano mbili ziachane kiasi cha sentimita 5, na isiwepo inayoingia karibu sana na kovu la upasuaji.

Usafi na ganzi

Kabla ya kukaa kitini, osha mkono wa fistula kwa maji na sabuni. Kipande cha sabuni ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote katika makala haya. Kisha nesi hupaka dawa ya kuua vijidudu, nzuri zaidi ikiwa klohekzidini iliyochanganywa na spiriti, na kuiacha ikauke. Akishapaka, pasiguswe tena kwa kidole.

Kuhusu maumivu, chaguo ni sindano ndogo ya ganzi, krimu ya ganzi, au barafu. Sindano ya ganzi hufanya kazi papo hapo, ila ni kuchomwa mara ya ziada. Krimu hupakwa nyumbani, ifunikwe na kukaa kama saa moja, kisha iondolewe na ngozi ioshwe. Ni nzuri kwa watoto na kwa wenye hofu, na hufaa zaidi miezi ya kwanza. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi hutuliza ngozi kwa dakika chache bila gharama. Usiruhusu maumivu yakurudishe kwenye eneo moja lililokufa ganzi, kwa maana utakuwa umenunua nafuu ya leo kwa mshipa wako.

Kuzuia damu baada ya sindano

Dakika hizi za mwisho ndizo zenye vishawishi vingi vya kununua vitu. Tuanze na njia ya zamani, ambayo ni vidole.

Sindano huingia kwa mshazari, kwa hiyo kila moja huacha matundu mawili: la ngozi na la ukuta wa mshipa, ambalo liko mbele kidogo ya lile la juu. Nesi anayeijua kazi huweka shashi juu ya tundu bila kubana, huchomoa sindano kwa pembe ileile iliyoingilia, na ikishatoka yote ndipo hubana. Akibana ikiwa bado ndani, makali yake hukata ukuta wa mshipa. Vidole viwili hushuka pamoja, kimoja juu ya tundu la ngozi, kingine juu ya tundu la mshipa, vikielekea upande ambao ncha ya sindano ilikuwa. Kubana huwa kwa nguvu ya kuzuia damu tu: juu na chini ya vidole, mtetemo wa fistula, yaani ule wa damu ya ateri inayopita kwa nguvu, lazima uendelee kusikika. Ukikatika, umebana mno na mshipa unaweza kuganda. Muda ni dakika 10 hadi 15, bila kuchungulia. Kila unapoinua shashi kutazama, unavunja mgando uliokwisha kuanza na saa inaanza upya.

Mgonjwa mwenye nguvu afundishwe kujibana mwenyewe, na glavu mkononi. Kidole chake hakina bei, tena kinahisi mtetemo.

Kibanio cha plastiki huacha mikono huru. Hununuliwa mara moja na hudumu, ila kiwe cha mtu mmoja au kisafishwe kwa dawa kila baada ya mtu, kwa sababu damu iliyokauka hubeba virusi vya homa ya ini. Kisitumike kwenye grafti wala fistula changa, kisiwekwe kwenye matundu yote mawili kwa wakati mmoja, na mtetemo uangaliwe mara kwa mara. Mkanda wa kufungia mkono una hatari hiyohiyo, na zaidi kwa kuwa huzunguka mkono wote. Mgonjwa akisinzia nao, au presha ikishuka, fistula inaweza kuziba. Kama huna mtu wa kukutazama, uepuke.

Kisha kuna vitambaa vya kugandisha damu: vya kitosani inayotokana na maganda ya kamba na kaa, vya alginati ya mwani, na sponji za jelatini. Vingi hupunguza dakika za kubana, na vinamsaidia mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au ambaye ngozi yake imekonda. Lakini fanya hesabu kabla ya kuvizoea: kwa matundu 208, kila shilingi 100 ya bei ya kitambaa kimoja ni shilingi 20,800 kwa mwaka. Zidisha kwa bei halisi ya duka lako la dawa. Kwa mgonjwa ambaye damu yake hukatika ndani ya dakika 15 kwa vidole, fedha hizo zina kazi bora kwingine. Kwa mwenye shida ya kweli ya kutokwa damu, ni bora kujua kwanza kwa nini.

Damu isipokatika

Damu ikiendelea kuvuja zaidi ya dakika 20, vikao viwili au vitatu mfululizo, usikimbilie kitambaa cha bei ghali. Kitaficha dalili. Huenda mshipa umebana mbele ya tundu na presha ndani ya fistula imepanda. Huenda heparini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine, imekuwa nyingi au haikusimamishwa mapema kabla ya kikao kuisha. Huenda ni aspirini au dawa nyingine ya moyo, au usafishaji hautoshi na chembe za kugandisha damu zimedhoofishwa na sumu za figo. Kupunguza heparini hakugharimu kitu. Kipimo cha mawimbi ya sauti kwenye fistula kina gharama, lakini hicho ndicho cha kulipia, kwa kuwa mshipa uliobana ukigunduliwa mapema huweza kupanuliwa kwa puto kabla haujaziba kabisa.

Wakati wa kikao chenyewe, mkono wenye sindano usifunikwe na blanketi. Sindano ya kurudisha damu ikichomoka kwa kasi ya mililita 300 kwa dakika, dakika tatu zinatosha kupoteza mililita 900, na kengele ya mashine haiwezi kutegemewa kuligundua hilo kila mara. Plasta imara iliyozungushwa chini ya mabawa na kupishanishwa juu yake ni bima rahisi sana.

Damu ikianza nyumbani, bana kwa kidole juu ya tundu lenyewe kwa kitambaa kidogo safi, inua mkono juu ya kifua, piga kelele ya msaada na uelekee hospitali. Taulo kubwa lisitumike: hunyonya damu na kukuficha ukubwa wake huku tundu likibaki wazi. Kigaga kisichopona, kidonda juu ya uvimbe au ngozi inayong'aa juu ya fistula ni dharura hata kabla ya tone la kwanza. Nenda siku hiyohiyo.

Uamuzi

Ukiwa na shilingi chache, zipange hivi. Ya kwanza iende kwenye upasuaji wa fistula na nauli yake, mapema iwezekanavyo. Ya pili iwekwe akiba kwa kipimo cha mawimbi ya sauti pale dalili zinapotokea. Ya tatu, krimu ya ganzi kwa miezi ya mwanzo kama hofu ni kubwa. Vitambaa vya kugandisha damu ni kwa wenye sababu ya kitabibu, si vya kila mtu. Vibanio na mikanda ni vya mwisho kabisa. Na yale manne yasiyo na bei, yaani kunawa mkono, kusogeza sindano kwa ngazi, kubana kwa vidole bila kuchungulia, na kugusa fistula kila asubuhi kuhakikisha inatetemeka, yasikosekane hata siku moja.

Unapochagua kituo, usitazame bei ya kikao pekee. Uliza nani atakuchoma fistula yako changa, kama wanaandika mahali pa kila sindano, na wanafanya nini damu ikikawia kukatika. Kituo kinachojibu maswali hayo bila kusitasita ndicho cha kukabidhi mkono wako, hata kama kipo mbali kidogo na nyumbani.